Arletha Spivey, mfua jezi aliyempatia Ezra Mapp lango lake

Saa moja kasorobo, Jumapili asubuhi. Mji wa Larkin Springs, Georgia, bado umejifunika shuka, lakini chini ya jukwaa la magharibi la uwanja wa Chuo cha Tolliver mashine nne za kufulia zinanguruma, na Bi Arletha Spivey anasoma.

Hasomi gazeti. Anasoma jezi. Anaichukua moja kutoka kwenye rundo, anaikunjua mezani, anapitisha kiganja kifuani, kisha mabegani, kisha kwenye viwiko.

"Huyu jana alifanya kazi," anasema, akilikwaruza kwa ukucha tope jekundu lililokauka kifuani. Anainua nyingine, nyeupe kama shuka la hoteli. "Na huyu alikuja kutazama mechi, ila alipewa kiti cha karibu sana."

Jana Tolliver walishinda 27 kwa 10. Jezi sitini na nne, suruali sitini na nne na soksi zisizo na idadi lazima ziwe zimetundikwa kabla ya Jumatatu saa sita mchana. Siki kwa madoa ya nyasi, maji baridi kwa damu, na kwa tope la Georgia, anasema, sabuni na subira.

Bi Arletha ana umri wa miaka 62, na kazi hii ameifanya kwa miaka thelathini na mitatu. Hatua chache kutoka mlangoni pake limesimama lango jipya la mawe, lenye jina la mtu aliyekufa mwaka 1961 bila gazeti lolote kuandika mstari mmoja juu yake. Jina hilo liko pale kwa sababu ya mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukaa darasani Tolliver hata siku moja.

Ili kuelewa ukubwa wa jambo hilo, ni lazima kuwajua watu wa Larkin Springs. Chuo chao kidogo cha Weusi kilianza kucheza futiboli ya huku, ile ya kubeba mpira mkononi na kugongana vifua, mwaka 1899. Na swali la nani alikuwa bora kuliko wote katika miaka ile thelathini ya mwanzo halijawahi kuachiwa wanahistoria. Linabishaniwa kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki na nje ya kanisa la Bethel. Inasemekana kuna mazishi yaliyochelewa robo saa kwa sababu yake, na marehemu mwenyewe asingelalamika.

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa moja: Royal Beecham, mkimbiaji. Katika misimu minne alivuka mstari wa mwisho na mpira mkononi mara hamsini na nane. Mwaka 1926, dhidi ya mahasimu wao wa Chuo cha Bascom, alivuka mara tatu katika mechi moja. Mtaa una jina lake. Hata samaki wa kukaanga pale mgahawani kwa Dot, anayeletwa na uji mzito wa mahindi, ana jina lake.

Mlinzi wa jibu hilo alikuwa Mwalimu Thaddeus Ogletree, sasa mwenye umri wa miaka 81. Alifundisha hesabu sekondari kwa miaka arobaini, na jioni zake zote alizitumia kukusanya vipande vya magazeti ya zamani na kunakili takwimu za kila mechi ya Tolliver kwenye madaftari yenye jalada jeusi. Mtu akitaka kujua nani alicheza siku gani, alikwenda kwa Mwalimu, na alilosema Mwalimu lilimaliza ubishi.

Mpaka siku moja ya Agosti mwaka 1998. Mwalimu alikuwa akiwatembeza wachezaji wapya kwenye ujia wa chini ya jukwaa, akiwasimulia habari za Royal, wakati mlango wa chumba cha kufulia ulipofunguka na mwanamke mwenye aproni akatoa kichwa.

"Mwalimu, hao vijana unawadanganya," alisema. "Bora alikuwa Ezra Mapp." Kisha akafunga mlango.

Mwalimu Ogletree aliendelea na matembezi, lakini jina lile hakulisahau. Jumatatu iliyofuata alimkuta mwanamke yule kwa Dot akinywa chai, akavuta kiti bila kukaribishwa. Wamekaa meza hiyo kila Jumatatu tangu hapo.

Bi Arletha hakuwa na elimu kubwa ya kumtishia mwalimu. Alizaliwa maili sita nje ya mji, akaacha shule akiwa na miaka kumi na saba, akaingia kiwanda cha mazulia. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1991 alikuwa na mabinti wawili wadogo, na kazi pekee aliyoipata ilikuwa hii ya kufua, kwa dola nne na senti sabini na tano kwa saa. Miaka mitatu baadaye mumewe Lamar, aliyekuwa fundi mwashi, alipatwa na kiharusi. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu miaka tisa hadi alipofariki.

"Nilikuwa naosha wachezaji mchana, namwosha mume wangu jioni, na wikiendi zisizo na mechi nafungasha kuku kiwandani," anasema. "Sikuwa na nafasi ya kujihurumia. Ningejihurumia saa ngapi?"

Leo analipwa dola kumi na tano na senti arobaini kwa saa. Mabinti wote wawili ni wauguzi.

Habari za Ezra Mapp alizipata kwa aliyemfundisha kazi, marehemu Bi Johnnie Pearl Dowdell. Mama yake Bi Johnnie Pearl, aliyeitwa Queen, ndiye aliyefua nguo za timu miaka ya ishirini, kwenye masufuria ya chuma uani kwake. Enzi zile jezi hazikuwa na namba. Queen alizitofautisha kwa kushona herufi mbili kwa uzi mwekundu ndani ya kola, naye alimjua kila mchezaji kwa uchafu wake.

Queen alimwambia binti yake, na binti akamwambia Arletha, kwamba Royal Beecham alikuwa kijana mzuri na mwenye mbio, lakini jezi yake ilirudi safi. Ya Ezra ilirudi kama ngozi iliyovutwa na nyumbu. Ezra alikuwa mtu wa mstari wa mbele. Hakuwahi kuugusa mpira. Kazi yake ilikuwa kuwagonga wanaume wawili, wakati mwingine watatu, waliosimama kati ya Royal na mstari, kisha kuamka na kuwagonga tena. Magazeti machache ya Weusi yaliyoandika habari za timu yalikuwa na nafasi ya mistari minne tu, na mistari hiyo ilikwenda kwa aliyefunga.

Baada ya chuo Ezra alibeba mizigo kwenye stesheni ya reli mpaka mwisho wa maisha yake. Hakuoa. Hakuacha mtoto wa kumsemea.

Kwa miaka ishirini na mitano Mwalimu aliitikia hoja hiyo kwa jibu lilelile, kwamba tope si takwimu. Wateja wa Dot walizoea kusikia meza ile ikichemka. Mwalimu alikuwa akimuuliza Bi Arletha kama sabuni imeshamwambia jipya wiki hiyo, naye akimjibu kwamba mtu aliyehesabu maisha yake yote bado hajajifunza kutazama. Bili walilipa kwa zamu, na walipokuwa wamekasirikiana sana kila mmoja alilipa yake.

Kisha, Januari mwaka jana, chuo kikatangaza kwamba uwanja utajengewa lango la mawe, nalo litapewa jina la mchezaji bora wa miaka ya mwanzo. Ungefanyika mdahalo wa hadhara katika kanisa la chuo, na kila atakayehudhuria angepiga kura. Msemaji wa Royal Beecham angekuwa Mwalimu Ogletree. Wenye mchezaji mwingine walitakiwa kuandika barua.

Bi Arletha aliandika. Alijibiwa kwa mistari mitatu: kamati inamshukuru, lakini wasemaji lazima wawe wahitimu au walimu wa chuo.

"Niliisoma nikiwa nimesimama hapa," anasema, akiigonga meza ya kukunjia. "Nikaiweka mfukoni, nikaendelea na taulo. Sikumwambia mtu. Lakini iliniuma, sikufichi. Nilijiona kama nimeambiwa nirudi jikoni."

Mwalimu aliijua habari hiyo siku ya pili, kwa kuwa Larkin Springs hakuna siri. Kila mtu alidhani angefurahi. Badala yake alivaa tai, akatembea mpaka ofisini kwa mkuu wa chuo, Dkt. Corliss Hargrove, akakataa kukaa.

"Nilimwambia nimebishana na mwanamke huyu robo karne," anasimulia Mwalimu. "Sikubishana naye miaka yote hiyo ili mwishowe nikishinde kiti kitupu. Kama hasemi yeye, na mimi sisemi."

Dkt. Hargrove alibadilisha kanuni siku ileile. Bi Arletha alipewa dakika ishirini na wiki tano za kujiandaa.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Ndani ya kabati la kioo maktabani kulikuwa na jezi kuukuu ya sufu, iliyoandikwa chini yake "Jezi ya mchezaji, miaka ya 1920". Mwaka 2003 maktaba ilimwomba aisafishe, na alipoigeuza kola alikuta uzi mwekundu wa Queen: E.M. Aliwaambia. Waliitikia kwa vichwa, wakairudisha kwenye kabati la kioo na maandishi yake yaleyale.

Alichohitaji ni jezi ya Royal, aziweke mbili hizo bega kwa bega. Na ya Royal, kama bado ipo, ingekuwa katika mji wa Macon, kwa binti yake wa mwisho.

Bi Wilhelmina Tuggle, aliyezaliwa Beecham, ana umri wa miaka 84. Bi Arletha alikwenda kwake Jumamosi moja ya Februari akiwa na keki ya pichi kwenye mapaja. Alikuwa akienda kumwomba mtoto wa mtu silaha ya kumshindia baba yake.

Aliamua kutomzunguka. Alikaa sebuleni, akaeleza yote tangu Queen mpaka lango, na mwisho akasema kwamba akifukuzwa ataelewa, ila keki ataiacha.

Bi Wilhelmina aliipokea keki, akaiweka mezani. Kisha akauliza, "Huyo Ezra unayemsema alikuwa mtu wa hapa duniani?"

Bi Arletha hakuelewa swali.

Yule bibi akamweleza. Nyumbani kwao, kila mara wageni walipomsifu baba yake kwa ile mechi ya 1926 na kumuuliza alifanyaje, Royal Beecham alijibu maneno mawili tu: "Muulizeni Ezra." Akabadilisha mazungumzo. Watoto walikuwa wa kanisa, wakajua Ezra mmoja tu, wa kwenye Biblia. Wakadhani baba yao anamrudishia Mungu sifa.

"Miaka themanini nimekuwa nikiwaambia watu baba yangu alikuwa mnyenyekevu," Bi Wilhelmina alisema. "Kumbe alikuwa anataja jina la mtu."

Aliinuka kwa mkongojo wake, akaenda chumbani, akarudi na jezi iliyofungwa kwenye karatasi laini. Alisema ataileta mwenyewe, kwa sababu jezi hiyo haiendi popote bila yeye.

Siku ya mdahalo watu mia nne na hamsini na tisa walijaa kanisani, wengine wakakaa madirishani. Mwalimu Ogletree alisema wa kwanza. Hakushika karatasi. Alimpitisha Royal msimu kwa msimu, mara hamsini na nane, kila moja kwa tarehe yake, na alipofika 1926 wazee walikuwa wakizitaja namba pamoja naye kama wanaoitikia zaburi. Alishangiliwa kwa muda mrefu. Mtu mmoja wa nyuma alimwambia Bi Arletha kwa sauti ya kusikika kwamba bado mapema, anaweza kuziwahi mashine zake.

Alimsikia. Alipanda jukwaani akiwa na gauni la kanisani na kofia ya bluu, akatandaza jezi mbili mezani, kola zimegeuzwa, uzi mwekundu nje.

Hakuwa na hotuba. Aliwafundisha kusoma. Ya Royal: sufu laini, mshono mmoja wa kurekebisha kwenye kiwiko, kifua kizima kama siku iliponunuliwa. Ya Ezra: viraka kumi na saba. Alivitaja kimoja kimoja akivigusa, kifuani sita, bega la kulia vitano, la kushoto vinne, viwili chini ya kola mahali paliposhikwa na kuraruliwa. Akawauliza kama wanadhani mtu mwenye jezi kama ile ya kwanza alipita katikati ya wanaume kumi na mmoja peke yake.

Kisha Bi Wilhelmina, aliyekaa mbele, akainuka bila kuitwa, akawasimulia habari ya "Muulizeni Ezra". Aliposema hata yeye alidhani ni wa kwenye Biblia, kanisa lilicheka.

Bado Bi Arletha alikuwa na dakika nne. Bi Johnnie Pearl alikuwa amemwambia jambo moja zaidi, kwamba kulikuwa na wiki nne, vuli ya 1925, ambazo jezi ya Royal nayo ilirudi imechafuka vibaya, kwa sababu Ezra alikuwa kitandani amevunjika mfupa wa bega. Alilijua kwa upande wa tope. Upande wa takwimu hakuujua, wala hakuwa amemuuliza Mwalimu. Alimgeukia mbele ya watu wote.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye hesabu. Zile mechi nne ambazo Ezra hakucheza, Royal alivuka mstari mara ngapi?"

Mwalimu Ogletree angeweza kusema hakumbuki. Ana miaka themanini na moja, na hakuna ambaye angemlaumu. Alifungua begi, akatoa daftari jeusi, akalamba kidole, akapekua. Waliokaa karibu wanasema alisoma ukurasa ule mara mbili. Alivua miwani.

"Hata mara moja," alisema.

Kisha, kwa kuwa alijua wa nyuma hawakusikia, akasimama akarudia kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani: "Mechi nne. Hata mara moja."

Kura zilihesabiwa mbele ya watu. Royal Beecham, 141. Ezra Mapp, 318.

Bi Arletha anasema hakumbuki vizuri kilichofuata, ila kuna mtu alikuwa akimpiga mgongoni, na kengele ya kanisa ililia ingawa hakuna aliyepewa ruhusa ya kuigonga. Anachokumbuka ni Mwalimu kumjia, kumpa mkono, na kumwambia, "Jumatatu bili ni juu yangu."

Alipoulizwa yeye alimpigia nani, Mwalimu Ogletree alicheka mpaka akakohoa. "Kura ni siri," alisema. "Lakini mimi ni mtu wa hesabu. Hesabu ikishatoka, imetoka. Miaka ishirini na mitano niliuliza nani alifunga. Huyu akaniuliza lini hakufunga, na jibu nilikuwa nalo mwenyewe, kwenye rafu yangu."

Lango lilifunguliwa Oktoba, siku wahitimu wanaporudi chuoni. Bi Wilhelmina alikata utepe kwa niaba ya mtu asiye na ukoo, na akaomba jiwe liandikwe maneno mawili ya baba yake chini ya jina. Yaliandikwa. Wachezaji watano wa mstari wa mbele wa sasa, mdogo wao mwenye ratili mia mbili na themanini, walimbeba Bi Arletha juu ya mabega yao wakapita naye langoni wa kwanza kabla ya yeyote, huku bendi ikipiga na yeye akiwasihi waangalie viatu vyake vipya. Mcheza kwao hutunzwa. Ezra alitunzwa miaka tisini na minane baada ya ile mechi ya 1926, lakini alitunzwa, na uwanja mzima ulikuwa umesimama.

Siku hizi wachezaji wa mstari wa mbele wana desturi mpya. Baada ya mechi hupita chumba cha kufulia kabla ya kuoga, mmoja mmoja, kumwonyesha Bi Arletha vifua vyao. Huwapa alama. Hakuna aliyewahi kupata kumi.

Anatarajia kustaafu baada ya miaka miwili. Hafikirii kukaa barazani. Katika madaftari ya Mwalimu wamepata majina ya watu thelathini na wanane wa mstari wa mbele waliocheza kabla ya 1930, na tisa kati yao wana jina moja tu. Bi Arletha na Mwalimu wameanza kuzitafuta familia za watu hao. Mpaka sasa wamepata kumi na moja. Jumamosi ijayo hakuna mechi, nao wataondoka mapema kwenda kaunti ya jirani, kwa mjukuu wa mtu aliyeitwa Big Hosea, ambaye picha yake hakuna aliye nayo. Wamekwishabishana nani ataendesha.

Wanataka kuandika kitabu kidogo, takwimu upande mmoja wa ukurasa, simulizi upande wa pili, chuo kikichapishe. Dkt. Hargrove amekubali. Mwalimu anataka kiishie 1929. Bi Arletha anataka kiendelee.

"Miaka ya thelathini hatujaigusa," anasema, akilitia rundo jingine mashineni na kufunga mlango wake kwa goti. "Na huko nako Mwalimu amekosea."